Mjomba, Kadi Hazikuwa Zako

Mjomba,

Sikuulizi hali, maana hali yako anaijua Mungu peke yake. Nakuandikia kukuambia kwamba nimekifungua chumba cha ndani.

Nilingoja arobaini yako iishe ndipo nikatia ufunguo, kwa heshima. Miaka saba nimefanya kazi kwenye karakana yako hapa Makole na sikuwahi kuvuka mlango ule. Mimi nilikuwa wa nje: nazungusha waya wa shaba kwenye koili, nakata mabati, napaka visanduku rangi. Wewe ulikuwa unajifungia ndani, kisha unatoka na kadi, kile kibao kidogo ambacho ndicho akili ya stabilaiza, kinachojua umeme umepanda au umeshuka ili kompyuta ya mtu isiungue. "Kadi utajifunza siku yako ikifika, Zuhura." Uliniambia hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa. Uliniambia hivyo hata ulipolazwa.

Basi niliingia nikitegemea michoro, vifaa, labda daftari lenye jina langu. Nikakuta kitanda cha kamba, redio, na katoni ya sabuni yenye kadi tatu zilizofungwa kwenye gazeti. Mjomba, humo ndani hamkuwa na hata pasi ya kulehemu. Ulikuwa unajifungia kusikiliza taarifa ya habari.

Nilikaa kitandani nikacheka. Halafu nikaogopa, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekubali kazi ya shule moja ya Kongwa, stabilaiza ishirini, kompyuta zao zinafika kabla ya muhula kuanza. Nilimwambia mwalimu mkuu, kwa kiburi chako kabisa, kwamba hizi za Dubai zilizojaa madukani tangu kila mtu aruhusiwe kuingiza mali ni taa ya kuwaka tu, ndani hamna kitu. Umeme wetu wa Dodoma ukiyumba kidogo, zinazima. Nikamwambia sisi tunaweza. Sisi nani? Nilikuwa na kadi tatu na jina lako ukutani.

Nikiwa kwenye mawazo hayo, karani mmoja wa ofisi ya jirani akaniletea stabilaiza iliyoungua. Kazi ya Ndahani.

Unajua ulivyonilea na jina hilo. Ndahani wa ng'ambo ya reli, Mgogo aliyejifunza redio jeshini, mwizi wa michoro yako. Ulinikataza kumpa shikamoo. Mimi ninayemwamkia hata mlevi, nikawa nampita mzee wa rika lako nikiangalia juu kama natafuta mvua. Aliwahi kunisimamisha sokoni akaniambia, kama nataka, atanifundisha kadi, na niendelee kukaa kwako. Nilikuja mbio kukusimulia. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Anataka kukuiba huyo. Kadi zenyewe ananunua." Nikaamini. Na alipokuja msibani kwako nilisema kwa sauti, akina mama wote wanasikia, kwamba amekuja kuhakikisha kama kweli umekufa. Akanyanyuka, akaenda kukaa peke yake juani. Hakuondoka mpaka ulipozikwa.

Kwa hiyo kisanduku chake nilikifungua kwa furaha, nikitaka kuona kazi chafu. Nikaona ncha ya koili imefungwa kwa uzi mwekundu, mafundo matatu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaangalia tena. Uzi ni wa cherehani ya mama. Mafundo ni yangu. Hakuna fundi mwingine anayefunga hivyo mji huu. Wote wanatia gundi, nayo inayeyuka joto likizidi. Ilikuwa mojawapo ya zile koili ulizokuwa unabeba kila Jumamosi, ukisema unawapelekea wateja wako Chemba.

Nilivuka reli mchana ule ule, na vumbi la mabati kwenye kanga. Mezani kwa Ndahani kadi zilikuwa zimepangwa zikipoa, zile zile, na gazeti la kufungia liko pembeni. Nikampa shikamoo ya kwanza tangu tujuane. Akaitikia marahaba kama mtu anayeipata kila siku.

Alinieleza bila kukusema vibaya, na hilo lilinichoma zaidi. Yeye koili zimemshinda tangu zamani, wewe kadi zimekushinda, mkabadilishana. Zilipoanza kuja za Dubai alikuomba muungane, karakana moja, kibao kimoja mlangoni. Ukakataa. Ulimwambia wateja wakiona mafundi wawili wanagombana, kila mteja anaamini amempata aliye bora. Ukamwapisha nisijue.

"Alikuwa anaona haya, mwanangu," akaniambia.

Haya! Mbele yangu mimi niliyekunawisha miguu hospitalini? Sikuhitaji ujue kadi. Ningekuheshimu vile vile. Kinachoniuma ni kwamba mwenye kujua alinifungulia mlango, na wewe ukaufunga kwa kicheko. Ulikuwa unakunywa chai niliyokupikia na unaniona nikingoja siku ambayo ulijua haipo. Miaka saba, Mjomba. Umeniachia karakana ambayo nusu yake iko ng'ambo ya reli, na matusi niliyomtukana mwenye nusu hiyo.

Najaribu kukumbuka mazuri, nisije nikakudhulumu. Nilipokuwa nikipoteza hesabu ya mizunguko ya waya, mara mia moja na ngapi sijui, hukunigombeza hata siku moja. Ulisema tu, "Anza upya, hakuna anayetufukuza." Hilo ulinifundisha wewe, na hilo ulilijua kweli. Jana nililisema peke yangu, nikalia mpaka koili ikaharibika.

Kazi ya Kongwa tunaifanya pamoja. Asubuhi niko kwa Mzee Ndahani najifunza, mchana nazungusha koili zetu sote. Kadi yangu ya kwanza haikuwaka. Akaniuliza kosa liko wapi. Niliigeuza kadi juu chini nikitafuta jibu la kufunika, kisha nikamwambia, "Sijui." Akasogeza kiti akaanza kunionyesha. Ni hivyo tu, Mjomba. Neno lenyewe halikunivunja jino.

Lala salama. Kila Alhamisi jioni nakusomea Yasini pamoja na mama, kwa sababu ni haki yako na mama ananiangalia. Kukusamehe bado, na sitakudanganya. Lakini nakuahidi hivi: siku nitakapokusamehe, nitaacha kazi mezani nikusomee peke yangu, Jumatatu au Jumanne, bila mtu kunikumbusha. Hapo utajua.

Zuhura