Shafti ya Gendabi Ilikuwa Kazi Yangu

Jumapili jioni, Katesh. Julai hii imekuja na baridi yake yote. Upepo umepiga mabati tangu asubuhi na mlima ulio juu ya mji haujajitokeza hata kidogo. Nimevaa makoti mawili na bado vidole vinakataa kuandika.

Labda si baridi peke yake.

Mnaonisoma humu mtandaoni mnajua nina karakana ndogo, yenye mashine moja kuukuu ya milingi, ile ya kuchonga vyuma. Mwezi uliopita niliweka picha za vifaa vya jiliwa, kile kibanio cha mashine, vilivyotengenezwa kwa mikono, mkavisifu sana. Mmoja akaandika, "Fundi, una akili." Nikajibu, "Asante sana, ndugu."

Vile vifaa sikuvitengeneza mimi.

Alivitengeneza Boay. Ni mtu wa Masieda, kanizidi miaka kama kumi, na tulifanya kazi pamoja miaka sita. Mashine tuliipata na jiliwa iliyochoka. Taya zake zilikuwa zimelika, ukibana kazi, yaani kile chuma unachokichonga, inainuka upande mmoja. Mimi nililalamika. Boay alikata vipande vya shaba akazivalisha zile taya ili kazi isichubuke. Akaokota rola ya beringi mbovu ya trekta, akawa anaiweka kati ya kazi na taya inayotembea, na chuma kikatulia. Kutoka kwenye springi ya lori alichonga vyuma viwili vya kuinulia kazi, akavisugua siku nne kwa msasa na mafuta juu ya kioo mpaka vikawa kimo kimoja. Na kwa ajili ya vyuma vya duara alitengeneza kigogo cha chuma chenye mfereji wa herufi V. Vyote alivihifadhi kwenye sanduku la mbao, kila kimoja na kitambaa chake.

"Chuma cha duara hakishikwi na taya bapa," alizoea kusema. "Kitakudanganya kwamba kimeshika."

Novemba iliyopita Mama Zuhura, mfanyabiashara wa hapa mjini, alileta shafti ya mashine yake ya kusaga iliyoko Gendabi. Alitaka tuchonge mfereji mpya wa kushika puli. Kazi ya saa moja. Boay akaniambia nisubiri, anakwenda kuosha kile kigogo cha V kwa sababu kilikuwa na vumbi la chuma.

Sikusubiri. Nilikuwa na haraka, na nadhani nilikuwa nimechoka kuambiwa subiri katika karakana yangu mwenyewe. Nikaibana shafti hivyo hivyo kwenye taya. Kikataji kilipoingia, shafti ikajizungusha, ikaruka. Mfereji ukaenda mshazari na chuma kikapasuka ukingoni.

Boay aliporudi aliitazama, akasema tumwambie mama ukweli, tutafute chuma kingine. Nikakataa. Nikaujaza mfereji kwa kuchomelea, nikauchonga tena, nikausugua ukang'aa. Yeye hakuigusa ile kazi. Alikwenda kukaa nje.

Shafti ilikatika wiki ya pili, watu wakiwa wamepanga foleni na mahindi yao. Mama Zuhura alikuja na hasira zake. Kipande cha puli kilikuwa kimepita karibu kabisa na mguu wa mwanamke mjamzito.

"Nani alifanya kazi hii?"

Boay alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ameshika tupa. Nilimtazama. Kisha nikasema, "Ilikuwa mkononi mwa Boay, mama. Nitamrekebisha."

Mpaka leo nasikia Boay akiiweka ile tupa mezani taratibu.

Mama Zuhura alirudi Gendabi akawatangazia watu mashineni kwamba Boay nusura aue mtu. Maneno yakafika Balangdalalu kabla ya wiki kwisha. Wateja wakaanza kusema, "Kazi yangu asiiguse yule mzee." Nami nikawa naitikia, "Sawa, nitaifanya mimi." Baada ya wiki tatu Boay alikunja aproni yake, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Sanduku aliliacha.

Na mimi nikaendelea kulitumia. Miezi saba.

Kilichonisukuma ni ile "Asante sana, ndugu." Niliisoma tena juzi nikaona aibu mpaka nikazima simu. Jana asubuhi nikafunga sanduku nyuma ya pikipiki nikaenda Masieda.

Nilimkuta anapepeta maharage na mkewe. Amekonda.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu. Habari za Katesh?"

Mkewe akaleta chai ya maziwa, akarudi kwenye maharage. Niliongea kabla sijainywa, nikihofia nikiinywa nitaanza kuzungumzia mvua. Nikasema yote, hata lile la picha. Mkewe aliacha kupepeta. Nadhani hakuwahi kuambiwa.

"Kwa nini hukujitetea siku ile?" nikamuuliza. Swali la kijinga, najua.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme," alisema. "Nilingoja wiki tatu."

Akafungua sanduku. Alitoa kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba juu yake. Alipofika kwenye vile vyuma viwili akasimama. Kimoja nilikitoboa kwa bahati mbaya mwezi wa pili, tundu dogo pembeni. Alilitazama lile tundu muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Nikamwomba arudi karakana. Akatikisa kichwa. "Nimekusamehe, mdogo wangu. Lakini nikirudi, nitarudi kama nani? Huko kwenu mimi ni yule aliyetaka kuua mtu."

Sanduku nililiacha kwake.

Leo baada ya ibada nikaenda kwa Mama Zuhura dukani. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya kaunta. Nilidhani atanifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Mimi nilimsema yule baba mbele ya watu, pale mashineni," akasema. "Umenifanya nimsingizie mtu. Sasa msamaha wa hapa dukani, mimi na wewe, unamsaidia nini? Kesho saa mbili foleni inakuwa ndefu. Njoo ukaseme pale pale."

Nikasema nitakuja. Nimemwambia pia mke wangu, ili nisipate pa kukimbilia. Akaniuliza kama najua kwamba baada ya hapo huenda hakuna atakayeniletea kazi tena. Najua.

Zile picha nimeziondoa, na jina la Boay sasa liko humu, mlisome.

Najaribu kupanga maneno ya kesho. Kusema kwamba niliharibu shafti, hilo naliweza. Fundi yeyote huharibu kazi. Lakini nikishamaliza, atasimama mtu kwenye foleni, pengine yule mama ambaye sasa ana mtoto mgongoni, aniulize: miezi minane yote ulikuwa unangoja nini?

Nimwambie nini?