Baba Karudi na Begi

Shoga, hutaamini. Baba amerudi. Baada ya miaka sita.

Unajua mama alivyo na kile kipindi cha vichekesho cha familia ya kinyozi. Leo, msimu wa kumi na moja, kinyozi aliyewakimbia wanawe karudi na begi, na mkewe akampakulia chakula huku anacheka. Mama akasonya. "Waandishi wameishiwa. Zamani walikuwa watu kama sisi, sasa vikaragosi tu."

Mara hodi. Baba, begi mkononi. "Hamjambo humu?" Kama aliyetoka kununua kiberiti.

Mama akamtazama yeye, akalitazama na begi. Halafu akasema, "Umekula?"

Umekula, shoga. Miaka sita, halafu umekula.

Akampakulia. Baba akajipweteka kwenye kiti chake cha zamani, akatazama kipindi, mdomo umejaa. "Hiki siku hizi hakina ukweli. Mtu unapotea miaka yote hiyo, unarudi, unapokewa tu?"

Wala hakusikia alichokisema mwenyewe.

"Hata mimi nashangaa," mama akamjibu, huku anamwongezea mchuzi. "Maliza kula, uende ulikotoka."

Sasa baba ananawa mikono. Begi mama keshalitoa nje.