Mkwe Wangu Amegoma Kushika Usukani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mie si mtu wa kuomba, Mtongwe yote yajua, nina boti ya faiba na mashine yake, nimeitengeneza ya kurambaza, yaani boti yaenda na mishipi yaburutwa nyuma na chambo cha bandia, nguru na jodari wafukuza wenyewe, na kazi yote nimeifunga kwa mikono yangu, fimbo zote za mishipi nimezipanga pamoja kwenye tezi, huko nyuma ya boti, mishipi yote urefu mmoja, imenyooka kama safu ya swala, hakuna boti Likoni iliyopendeza hivyo. Jirani yangu Mwarandu aliiona akasema, "Mzee, hiyo boti au fagio?" ni wivu tu. Usukani nikampa mkwe wangu Jumaa, mume wa binti yangu Mwanaima, kijana ana adabu, tangu aoe hajanibishia hata mara moja, basi nguru akala karibu na mwamba nikamwambia kata kona hapa hapa, akasema haya baba, akakata, mishipi ikajisokota ikaingia kwenye propela, mashine ikazima, mawimbi yatusukuma mwambani, Jumaa akajitupa majini na kisu akakata mishipi yangu yote mipya, tukapona, lakini nguru akaenda zake, wallahi mkubwa kuliko mlango. Tulipofika ufuoni nikamuuliza mbele ya watu, umekata mishipi yangu kwa ruhusa ya nani? Akashika njia ya kwake. Tangu hapo haji botini, Mwanaima aniambia, "Baba, bora asukume mkokoteni wa maji kuliko nimzike," na mie macho hayauoni mwamba tena, na mtu mwingine simwamini. Nifanyeje arudi, pasi na kumuomba radhi, maana kosa sina?

Matano, Mtongwe

Mzee Matano, shikamoo. Pole kwa mishipi. Sasa nisikilize, na usikunje gazeti.

Kosa unalo. Mishipi ya urefu mmoja ikikaa pamoja, boti ikigeuka lazima isokotane, hata kama imefungwa na wewe. Ya kati ifupishe, ya pembeni irefushe, uitanue kwa mianzi ubavuni. Na samaki akila, mingine huvutwa ndani kwanza; kona baadaye.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kwetu mkwe hata kukohoa mbele ya baba mkwe huona haya, nawe ukamweka huyo huyo kwenye usukani, mahali pa mtu wa kusema hapana, kisha wajisifu hakubishii! Alipokata mishipi bila kukuuliza ndipo alipokuokoa.

Arudi bila radhi? Sahau. Nenda kwake mchana, mbele ya Mwanaima useme: "Nilikosa. Nchi kavu mie baba yako, botini wewe nahodha." Hayo tu, nguru usimtaje. Kesho yake yaseme tena ufuoni ulipomuaibisha, Mwarandu naye asikie. Kazini usimwite; mwache aje kwa miguu yake.

Akija, akaanza kuzing'oa fimbo zako na kuzipanga upya, usiseme kitu. Mshikie misumari.

Bi. Samiha