Macho Siyatoi kwa Salfa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nipo kijijini Mnyambe. Likizo! Mjomba Gervas hakuuliza hata mtihani wa Fizikia ulikuwaje. Alichouliza: Witness, mikono ipo? Kesho tunapulizia salfa kwenye mikorosho. Mikono ipo. Macho ndiyo siyatoi!

Mwalimu Helena wa Fizikia alinieleza vizuri: anayetaka kurusha ndege za abiria, kama mimi, aanze kwa daktari, chuo baadaye. Macho, masikio, moyo. Wapo waliolipa ada kwanza, daktari akawarudisha nyumbani. Akaniazima miwani ya maabara. Irudi bila mkwaruzo, kasema.

Jumanne, 10 Juni
Alfajiri, umande bado upo kwenye majani — ndiyo saa ya salfa, unga wake unashika majani. Nimevaa miwani. Binamu yangu Basil kacheka mpaka kakaa chini. Shikamoo rubani! Nikamjibu: marahaba, abiria funga mkanda. Hata Mama kacheka.

Mjomba hakucheka. Anasema mbeba mashine hufuata vumbi kwa macho matupu, ndivyo alivyofundishwa. Vua! Sikuvua. Kaninyang'anya mashine, kapulizia mwenyewe. Jioni macho mekundu, anayaosha kwenye beseni.

Jumatano, 11 Juni
Nimekata ncha ya soksi yangu ya shule, nimeifunga juu ya mti mrefu, kama ule mfuko wa upepo pale kiwanja cha ndege Masasi. Nitaandika upepo kila asubuhi. Saa 12.10, umelala. Saa 1.30, kusini mashariki, mdogo. Jana sikupima, basi jana ibaki tupu. Rubani haandiki saa ambazo hakuruka.

Alhamisi, 12 Juni
Mjomba kakata shauri. Anayekataa kupulizia kama wenzake haendi kambi ya masomo Masasi Jumatatu. Fizikia na Hesabu, wiki mbili! Na mtihani wa taifa ni Novemba! Kwetu neno la mjomba halina rufaa.

Nimelia chooni. Halafu nimeosha miwani kwa sabuni.

Ijumaa, 13 Juni
Mjomba kaniletea mfuko wa salfa. Nisomee hapa, mwanga hautoshi. Ilikuwa saa sita mchana.

Nimesoma. Pameandikwa: kinga macho. Nimesoma mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni
Saa 12.40 asubuhi. Nimekaa juu ya mfuko wa salfa, miwani usoni. Mjomba ana mashine mgongoni, mkono kwenye kamba ya kuwashia. Kataka neno langu la mwisho.

Nimesema: Mjomba, nisamehe, sivui. Halafu upepo umegeuka. Ukiwasha sasa, vumbi lote linakurudia usoni.

Basil kadakia: upepo gani, mbona majani yametulia! Ya chini, ndiyo. Juu, soksi imejaa.

Mjomba kainua uso. Kafinya macho. Anaitafuta. Inapepea pale pale mbele yake — na haioni!

Witness, kasema polepole, inaelekea wapi?

Kamba bado hajaivuta. Anangoja macho yangu.