Waya Nyekundu za Starlet

Uvira, Kilibula, tarehe 9 Machi 2024

Yaya wangu, kaka yangu Chabani,

Kabla ya salamu nikwambie kitu sijamwambia mtu yeyote, hata Mama pale kwenye kaburi lake: zile waya nyekundu za Starlet, gari ya Baba, ni minye niliyeziweka.

Sasa nakusalimia. Uko muzima huko Bujumbura? Garaji inakupa chakula? Baba iko anakohoa kidogo. Namba yako aliifuta kwenye simu, ndiyo maana naandika karatasi hii, Mama Pélagie avuke nayo mpakani pamoja na vitenge vyake vya kuuza.

Zile waya ulizileta weye, ukasema ni nene, zitaongeza nguvu kwenye moteri, kagari ketu katapanda mlima kama pikipiki mpya. Ukaziweka juu ya kabati, ukingoja Baba akubali. Ile Ijumaa Baba alikuwa msikitini, weye sokoni. Nilitaka kumfurahisha Baba. Nilifungua kapo, kile kifuniko cha moteri, nikatoa waya zote nne za zamani mara moja, nikaweka mpya, nikazifunga na uzi mweusi wa kusuka nywele. Ufunguo alikuwa nao Baba. Sikujaribu.

Alasiri Mama akakosa pumzi. Gari ikawaka ikitetemeka, ikafika kona ya shule ikazimika. Tukamweka Mama kwenye pikipiki, kichwa chake begani kwako. Hakufika hospitali.

Baada ya mazishi fundi Toussaint alifungua kapo, akasema waya mbili zimepishana, ya pili na ya tatu. Baba akauliza nani aliyezigusa. Ukasema, "Ni minye." Nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Nikaipeleka kwa wageni. Akakufukuza, na sikusema kitu.

Weye sasa ni fundi. Niambie, zile waya zina faida kweli?

Mdogo wako,
Raïssa

Bujumbura, tarehe 30 Machi 2024

Mdogo wangu Raïssa,

Salamu nyingi na funga njema. Niko muzima, ila mikono imekuwa myeusi hata sabuni imechoka nayo. Baba mpe tangawizi akishafuturu.

Nilijua. Toussaint alipofungua kapo niliona uzi wa nywele, na mafundo yako yale ya kipepeo. Hakuna fundi anayefunga waya hivyo.

Swali lako. Moto wa umeme unatoka kwenye bobini, waya inaubeba tu mpaka kwenye buji, hapo unawasha mafuta ya moteri. Kama waya ya zamani imepasuka, moto unavuja, zaidi wakati wa mvua. Hapo ukiweka mpya gari inaacha kukohoa. Lakini kama iko nzima, ile nene haiongezi kitu kwa kagari kadogo. Na waya za Baba zilikuwa nzima. Yale maneno ya nguvu niliyasikia kwa muuzaji, nikayaleta nyumbani kana kwamba nayajua. Kwa hiyo niliposema ni minye, sikudanganya sana.

Gari ingefika, Mama angepona? Sijui. Najiuliza kila siku nikiwa chini ya magari ya watu.

Baba usimwambie. Amebaki na weye tu. Minye nimeshazoea.

Yaya wako,
Chabani

Uvira, Kilibula, tarehe 14 Aprili 2024

Yaya wangu,

Salamu baada ya Idi. Tangawizi anakunywa, hajui ni weye uliyesema apewe.

Unasema umezoea. Mama Pélagie ameniambia alikukuta Gatumba, pale mpakani, umekaa, unatazama milima ya kwetu, ukamuuliza kama mlango wetu bado una rangi ya kijani. Bado, yaya.

Baba naye hajazoea. Siku ya Idi alitoa sahani tatu. Akasimama kidogo, akairudisha moja kabatini, mgongo kwangu. Starlet iko palepale uani. Hakumruhusu Toussaint kuitengeneza. Leo niliifungua; uzi wangu bado ulikuwepo. Nimeukata.

Umenikataza. Nisamehe, hili sitakutii.

Mdogo wako,
Raïssa

Nasikia kandambili za Baba uani. Kila siku nikizisikia, karatasi hizi zinaingia chini ya daftari la Kifaransa. Anakohoa. Anavua kandambili mlangoni. Leo barua yako iko mezani, yangu iko pembeni yake, uzi uko juu. Naweka kalamu chini, mikono magotini.