Safari ya Siri ya Wauzaji Bora

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimempa jina mhasibu wa kampuni ya bima: Mkasi. Hasemi "punguza". Anasema "tuangalie tena", anatabasamu, na ukirudi mezani kwako unakuta kitu kimoja hakipo. Leo imeondoka bendi ya usiku wa tuzo. Wiki iliyopita waliondoka waume na wake za washindi — kila mtu asafiri peke yake. Na hii ndiyo safari ya zawadi kwa mawakala waliouza bima nyingi kuliko wenzao! Zawadi gani hii inayomegwa kila siku kabla mwenyewe hajaiona?

Bosi ameniomba nisinune. Ofisi yetu ya kuandaa safari ina wateja wawili wa maana na huyu ndiye anayetulipia pango. Basi nikacheka na Mkasi, nikamwagizia chai, nikampa wazo. Tusiwaambie wasafiri wanakwenda wapi. Iwe safari ya siri. Kila Ijumaa tuwatumie dokezo moja kwenye simu, wabaki wanakisia. Ile hamu yenyewe iwe sehemu ya zawadi, na hamu haina risiti.

"Haina risiti," Mkasi akarudia, macho yamemtoka kwa furaha.

Wamenipigia makofi. Nimejisikia mjanja. Siku nyingi sijajisikia mjanja.

Ijumaa, 6 Juni

Dokezo la kwanza limekwenda. "Beba miwani ya jua." Jua lipo kila mahali, hata kwenye ngazi za ofisi yetu, lakini simu hazijatulia tangu asubuhi. Wakala mmoja ameuliza kama kuna pomboo. Mwingine anataka kujua kama kule wanakubali kadi ya benki. Kule wapi?

Na Dada naye kapiga. Dada yangu wa tumbo moja, wa kwanza kwa mauzo mwaka mzima! Ameuza bima gereji, saluni, kwenye foleni ya benki, ameniuzia hata mimi. Tangu shemeji afariki mwaka jana, Dada hakuwa na neno na mtu zaidi ya salamu. Alikuwa anatoka asubuhi kuuza bima ili tu asikae kwenye ile nyumba. Chakula anaonja, anasukuma sahani. Mama alishaanza kulia akiongea na mimi kwenye simu. Leo Dada alikuwa anacheka. Kicheko chake kinaanzia puani, nilikuwa nimekisahau.

"Ni ndege," akasema. "Usijibu. Ni ndege tu."

Shemeji alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege. Miaka yote amepakia mabegi ya watu, yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Alikuwa anamtania Dada: siku utakayosafiri, begi lako nitalipakia kwa mikono miwili. Sasa Dada ameshika hilo. Nami sikumkatalia, maana ndege ipo kwenye bajeti. Ipo! Ndege kwenda na kurudi, hoteli ya ufukweni, kila mtu na chumba chake.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejichimbia shimo.

Asubuhi nimetuma dokezo la pili: "Begi moja kwa kila mtu, lisizidi kilo ishirini." Nilinakili kutoka kwenye masharti ya shirika la ndege, neno kwa neno. Mchana Mkasi akaja na tabasamu lake. Tuangalie tena. Na ndege ikaondoka. Mwaka umekuwa mgumu, wakubwa wamesema, basi linatosha, na basi lina kiyoyozi.

Sheria ya kwanza ya kazi hii ninaijua hata usingizini: hutangazi kitu ambacho hakijasainiwa. Hata maji ya chupa hutangazi. Na mimi nimetangaza ndege bila kuitaja, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumfurahisha mtu mmoja. Wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Nikamwambia Bosi tutume masahihisho. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Ukiwaambia kilo hazihesabiwi, akasema, umeshawaambia hakuna ndege. Na siri ndiyo kitu pekee tulichobaki nacho.

Ana haki, na ndiyo maana nimechukia.

Jumapili, 15 Juni

Dada kaja na begi. Jipya, jekundu, la magurudumu. Kalizungusha sebuleni kwangu, kalipitisha kati ya kochi na meza, kalisimamisha, kaliangalia. Amelipima kwa muuza nyama! Kwenye ile mizani ya kuning'iniza. Muuza nyama akamuuliza ni paja au mbavu. Amesimulia mara mbili na mara zote mbili amecheka mpaka akakaa chini.

Amekula. Sahani nzima, akaongeza.

Nikasema sasa. Hapa hapa, tukiwa wawili. "Dada, kuhusu hii safari—"

Kanifunika mdomo na kiganja. Kiganja kinanuka vitunguu. "Usiniharibie! Nakujua wewe, moyo mwepesi, utaniambia halafu wataniambia umependelea ndugu yako. Funga mdomo."

Nikafunga. Nilipofunga nikasikia nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayonitia aibu hadi sasa. Kama ningetaka kweli kusema, kiganja cha mtu kingenizuia?

Jumatano, 18 Juni

Hoteli ya ziwani, tuliyoiweka badala ya ile ya ufukweni, imekwenda na maji. Ilikuwa ndiyo pona yetu baada ya ndege: basi, lakini mwisho wa basi kuna bwawa, vitanda vipana, mtu wa kukukaribisha na juisi. Mkasi amesema juisi tunaweza kununua wenyewe.

Nimerudi mezani kutafuta mahali pa bei rahisi zaidi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kukagua mahali. Chuo cha kilimo, wanafunzi wako likizo, mabweni matupu, bei ya kutupa. Unapita njia panda ya uwanja wa ndege, hukati kushoto, unanyooka, unaendelea kunyooka mpaka lami inachoka.

Msimamizi wa mabweni ni mama mmoja mkarimu sana, funguo zimejaa kiunoni. Akanionyesha vyumba. Vitanda vya ghorofa, vya chuma, vimepakwa rangi juu ya rangi ya zamani juu ya kutu. Kwenye mbao za kitanda cha juu wanafunzi wameandika majina ya wapenzi na fomula za mbolea. Bafu liko mwisho wa korido, milango haifiki chini. Maji ya moto? Yapo, akasema, mkiwahi. Ukumbi una feni nne na moja inazunguka.

Akaniuliza wageni wangu ni wa mwaka wa ngapi. Nikamwambia si wanafunzi, ni wauzaji bora wa kampuni, wanakuja kupongezwa. Akaangalia kitanda. Akaniangalia mimi. "Basi nitatafuta mashuka mazuri," akasema, na akasema kwa huruma kabisa.

Nilikaa kwenye kitanda cha chini nikajaribu kumweka Dada pale kichwani mwangu. Magoti yake hayawezi kupanda ngazi ya kitanda cha juu. Nimeandika jina lake kwenye kitanda cha chini, karibu na dirisha. Hiyo ndiyo nguvu yote niliyo nayo katika safari hii. Kitanda cha chini.

Dokezo la leo nimekataa kulitunga. Bosi ametunga mwenyewe: "Mtaiona dunia kwa jicho jingine." Mungu atusamehe.

Jumatatu, 23 Juni

Kikao. Nimepiga moyo konde nikasema mbele ya wote: tuwaambie ukweli leo. Wana siku za kununa, kisha watazoea, watakuja wakiwa wanajua. Wakifika bila kujua watatuona matapeli.

Mkasi akasema wakijua, nusu hawatakuja, na chuo kimeshalipwa. Watajulishwa kule kule, baada ya chai, watu wakiwa wameshiba hawana maneno.

Nikasema basi angalau mshindi wa kwanza apandishwe ndege. Hata ya mwendo mfupi, hata akarudi siku ile ile. Nilijua namsemea nani, na Mkasi pia alijua, akatabasamu. Akipanda mmoja wataumia wengine, akasema. Usawa. Neno zuri, usawa! Watapata wote sawasawa: mkono mtupu.

Hapo Bosi akataka kuniokoa, maskini. Akasema basi njiani tusimame kwenye uzio wa uwanja wa ndege, wapige picha ya pamoja ndege ikipita nyuma. "Wapate hisia."

Mkasi akaandika.

Nimewaambia wakisimamisha basi pale mimi nashuka na sirudi. Sauti ilinitoka kubwa, mpaka mtu wa chai akachungulia. Picha imefutwa. Ni ushindi wangu pekee tangu mradi huu uanze.

Jumatano, 25 Juni

Mama kapiga simu. Dada ameshawaambia watu wote. Amekwenda makaburini, amemwambia na shemeji. Amesuka nywele. Ameomba akae dirishani, kama kuna namna ninaweza kuongea na watu wa ndege.

"Umenirudishia mwanangu," Mama akasema. "Nilidhani nawazika wawili."

Nikasema ndiyo Mama. Asante Mama. Usijali, nitamwangalia. Nikakata, nikaingia chooni ofisini, nikalia na bomba limefunguliwa. Kisha nikatoka nikapiga simu kuhusu mashuka.

Ningemwambia Mama, angemwambia Dada kwa upole wake, wangelia pamoja na yangekwisha. Nilikuwa na simu mkononi. Sikusema. Nimekuwa mwoga kiasi hiki lini?

Alhamisi, 26 Juni

Tisheti zimefika. Zimeandikwa "Tunapaa Pamoja". Ziliagizwa zamani, wakati wa ndege, na hakuna aliyekumbuka kuzisimamisha. Mkasi anasema zivaliwe, zimeshalipiwa.

Nimemwandikia Dada meseji ndefu. Ukweli wote, chuo, vitanda, kila kitu. Nimeisoma. Nimeifuta. Nimeandika: "Kesho usisahau sweta, basi lina baridi."

Kajibu: "Basi la kutupeleka uwanjani nalo lina kiyoyozi! Kampuni imejitahidi."

Ijumaa, 27 Juni

Naandika ndani ya basi. Nimekaa kiti cha mbele nyuma ya dereva, faili gotini, nikijifanya nakagua ratiba. Mwandiko unarukaruka. Ni lazima mikono ifanye kitu.

Wote wamekuja. Hakuna aliyechelewa, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi hii. Wamevaa tisheti. Wamepanga mabegi tumboni mwa basi na kila mtu anamtania mwenzake kuhusu kilo. Dada alimkataza utingo kugusa lake. Kalisukuma mwenyewe mpaka mwisho, kalilaza kwa mikono miwili, kalipapasa. Hakulia. Mimi ndiye niliyegeuka pembeni.

Mkasi hakuja. Anatukuta kule kesho na gari lake.

Tumesimama kituo cha mafuta. Dereva anajua njia ya chuo, hajui kingine, na ameniuliza kwa sauti kubwa kama chuoni kuna maegesho ya basi kubwa. Nikakohoa juu ya maneno yake. Nikampa ishara anyamaze. Sasa anadhani nina kichaa.

Tumeondoka tena. Wamempa Dada kipaza sauti, mshindi wa kwanza aseme machache. Kasimama katikati ya viti, mkono mmoja kwenye kiti cha mtu. Alisema alikuwa na mwaka mbaya, wengi wanajua. Alisema kuna asubuhi alikuwa haoni sababu ya kuvaa viatu. Kisha: "Huyu hapo mbele ni mdogo wangu. Wiki mbili hizi hanitazami machoni. Nikimpigia anakata haraka. Nikamwambia Mama, huyu ananificha kitu kizuri mno, tangu mtoto akiwa na zawadi hawezi kukutazama usoni. Mpigieni makofi!"

Wamenipigia. Nimeinuka nusu, nimepunga mkono. Nimepunga mkono!

Kibao cha uwanja wa ndege. Watu wanaimba. Wengine wameshatoa vitambulisho, wanaonyeshana picha zao mbaya. Ndege moja inapanda upande wa kulia, chini chini, magurudumu hayajakunjwa. Dada ameweka paji la uso kwenye kioo.

Njia panda. Dereva hajakata kushoto.

Wimbo umekwenda kidogo bila njia, halafu umekufa kutoka nyuma kuja mbele. Mtu mmoja amepiga kelele: dereva, umepita! Mwingine: we dereva, umelala? Dereva ananitazama kwenye kioo chake. Mimi natazama karatasi.

Dada anawanyamazisha. Nasikia sauti yake, nyepesi, ina kicheko bado. "Tulieni jamani. Huyu namjua mimi, anatuzungusha makusudi. Kuna mlango mwingine. Wakubwa hupitia mlango mwingine. Shemeji yenu alishaniambia."

Wengine wamecheka. Si wote. Uzio wa uwanja unakwisha upande wa kulia, sasa ni nyumba, sasa ni mashamba.

Anakuja mbele. Anashika kiti, anashika kiti, magoti yake na mwendo wa basi. Amekaa pembeni yangu. Ananukia mafuta mapya ya nywele. Anaangalia barabara mbele yetu, imenyooka, haina kona.

Ameniuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, tunageukia wapi.

Nimemwambia ngoja nimalize kuandika.