Kahawa Kwenye Leso

Kahororo, Jumapili

Kimoja tu. Nimekimeza sasa hivi, kidonge kidogo kama cha mtoto, na bado kinaniudhi. Wiki mbili nzima nilikuwa nameza viwili viwili kwa siri, maana mimi, mwalimu mzima, niliamini dozi ndogo haiwezi kutibu fizi zinazotoka damu kila asubuhi.

Ijumaa daktari wa meno alinigundua, vidonge vilipoisha mapema. Hakunigombeza. Alisema wadudu alishawapunguza aliponisafisha meno. Dawa hii kazi yake ni nyingine.

“Mwili wako, Mwalimu, unapigana na wadudu kwa hasira mpaka unabomoa mfupa wake wenyewe. Kidonge kinautuliza tu. Ukizidisha, hautulii zaidi.”

Hasira. Mume wangu angesikia hilo angecheka mpaka kesho.

Leo nilikwenda Muleba kumsalimia Mama. Kabla ya habari yoyote akaniwekea kiganjani amwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kuikataa ni kumkataa yeye. Nikauma, gego likacheza. Alipogeuka, nikatema kwenye leso.

Mama hana jino hata moja tangu nikiwa sekondari. Kahawa yake huimung'unya tu. Sijawahi kumuuliza meno yalikwendaje. Nilidhani ni uzee, kumbe alikuwa na umri wangu huu.

Wakati wa kuagana aliushika mkono wangu wenye leso, akanikunja vidole kimoja kimoja.

“Hata mimi nilianza hivyo hivyo,” akasema. “Kwa leso.”